Besi ya gita isikike kama kinanda: oktava kwanza, filta pili, sinthi mwisho

Swali: "Shikamoo mwalimu. Napiga besi kwenye kwaya ya kanisa letu huku Igoma, na Jumamosi napiga na bendi ndogo kwenye harusi na hoteli za kando ya ziwa. Siku hizi watu wanaomba amapiano na bongo fleva. Zikifika nyimbo hizo mpiga kinanda anachukua besi kwa mkono wa kushoto, mimi nabaki nimeshika gita tu. Nimeazima pedali ya sinthi kwa rafiki. Chumbani inanguruma vizuri, ila kwenye bendi inaruka noti, inakoroma kama chura, na fundi mitambo anasema besi imepotea. Nina laki tano. Ninunue sinthi au filta? Na kwa nini inaruka noti?"

Marahaba, mdogo wangu. Nikujibu kabla ya maelezo: usinunue sinthi sasa. Anza na oktava, pedali inayoishusha noti yako chini, filta ifuate, sinthi, ile inayoipa besi mlio wa kinanda, iwe ya mwisho, na huenda ukifika hapo utaona huihitaji. Pedali uliyoazima si mbovu. Inaruka noti kwa sababu inasikiliza vidole vyako, na wewe bado unaipigia kama unavyopigia amplifaya. Amplifaya inapokea kila unachoipa: noti, mkwaruzo wa kidole, uzi wa jirani unaovuma bila kuguswa. Pedali ya namna hii inataka kujua mambo mawili tu, unapiga noti gani na kwa nguvu kiasi gani. Ukiichanganya, inajibu ovyo.

Nitaeleza filta kwanza ingawa nimesema uinunue ya pili, kwa sababu ukiielewa hiyo mengine yote yatakaa mahali pake.

Fanya hivi hapo ulipo. Sema "u", ivute, kisha bila kukata pumzi ifungue iwe "a": uuuuaaaa. Koo halikubadilisha noti. Kilichobadilika ni umbo la mdomo. Midomo ilipokuwa imekaza kwenye "u", sauti za juu zilizuiwa ndani, na ilipofunguka zikatoka. Sasa jaribu "u" kwenda "i": uuuuiiii. Unasikia kitu chembamba kinapanda juu ya sauti yako, karibu kama mluzi? Kazi hiyo ndiyo inayofanywa na filta. Inayotumika zaidi kwenye besi hupitisha sauti za chini na kukata za juu, na mahali inapoanza kukata tuseme ni mpaka. Mpaka ukipanda unasikia "ua". Ukishuka unasikia "au".

Filta moja unayo tayari, nayo ni nobu ya toni kwenye gita lako. Piga uzi wa A ukiwa wazi kwa mkono wa kulia, na kwa mkono wa kushoto izungushe nobu kutoka kwenye kufungwa hadi kwenye kufunguka. Fanya polepole, halafu haraka, halafu kwa mpigo wa wimbo unaoupenda. Fanya kwa dakika kumi kila siku kwa wiki moja. Wanafunzi wangu wote nawapa zoezi hili kabla hawajagusa pedali yoyote, na wanaolifanya hawahangaiki baadaye, kwa sababu sikio limeshajifunza kusikia mpaka ukitembea.

Pedali inaizidi nobu hiyo kwa mambo mawili. La kwanza ni rezonansi, ambayo kwenye pedali nyingi imeandikwa kwa herufi Q. Rezonansi inainua sauti zilizo pale pale kwenye mpaka, zitokeze kuliko jirani zake. Huo ndio ule mluzi mwembamba uliousikia kwenye "uuuuiiii". Bila rezonansi filta inafifisha sauti tu, lakini ukiiongeza inaanza kutamka. Ukiizidisha inapiga kelele na kuchosha watu, kwa hiyo kwenye ibada iweke chini ya nusu.

La pili ndilo kubwa: pedali inaizungusha nobu yenyewe, kwa kufuata nguvu ya kidole chako. Sauti yoyote ina umbo lake katika wakati. Kama umewahi kusimama karibu na ngoma kubwa ya bugobogobo, ngoma ya Wasukuma, kule Bujora, unajua kwamba kwanza kuna kishindo cha mkono au fimbo kwenye ngozi, kisha mngurumo unaofuata na kufifia. Umbo hilo la kupanda na kushuka ndilo mafundi wanaita envelopu. Filta ya envelopu inapima kishindo cha uzi wako, na kwa kadiri kilivyo kikubwa inafungua mdomo. Uzi unapofifia, mdomo unafumba. Ukipiga kwa upole unapata "u" iliyofumbwa, ukipiga kwa nguvu unapata "ua" kamili.

Pedali iliyofungua njia hii ni Mu-Tron III ya mwaka 1972, iliyobuniwa na Mike Beigel wa kampuni ya Musitronics huko Marekani. Bootsy Collins, mpiga besi wa funk wa Marekani, aliitumia kwenye besi, na mpaka leo mtu akisema besi inayoongea, sauti anayoikumbuka mara nyingi inatokana na mkono wa Bootsy kupitia kisanduku kile. Nimesema mkono wa Bootsy makusudi. Alikuwa anaipiga noti ya kwanza ya kila fungu kwa nguvu na zinazofuata kwa wepesi, kwa hiyo mdomo ulifunguka pale alipotaka. Chukua pedali hiyo hiyo, piga noti zote kwa nguvu sawa, kila noti itasema "ua" ile ile, na baada ya dakika mbili wasikilizaji wamechoka.

Hapo ndipo wengi wanaharibu. Nobu ya unyeti, ile inayoamua kidole kifike nguvu gani ndipo filta ifunguke, wanaiweka mahali walipoona kwenye video ya mtu mwingine, mwenye gita jingine na mkono mwingine. Ianze kwenye sifuri. Piga noti laini kabisa utakayoitumia kwenye wimbo, halafu noti nzito kabisa utakayoitumia. Ipandishe unyeti kidogo kidogo mpaka noti laini isifungue kitu na noti nzito ifungue kabisa. Basi, acha hapo. Kama gita lako ni la betri, yaani lina saketi yake ndani, linatoa sauti kubwa kuliko lisilo na betri, hivyo unyeti utakuwa chini zaidi. Ukibadilisha gita, anza upya.

Sasa malalamiko ya fundi mitambo kwamba besi imepotea. Ana haki. Filta ikiwa imefumba, mlio wa vidole unaomfanya msikilizaji atambue noti umekatwa. Na zipo filta zinazopitisha sehemu ya kati peke yake, zinakata juu na chini pia. Chumbani hulitambui hilo kwa sababu uko peke yako. Bendi ikiingia, ngoma na kinanda vinajaza ile nafasi uliyoiacha wazi. Dawa yake ni kuchanganya sauti safi ya gita na sauti iliyopita kwenye filta. Usinunue filta ya besi isiyo na nobu ya sauti safi. Kampuni ya MXR wanayo moja, M82, yenye nobu mbili tofauti, moja ya sauti safi na nyingine ya athari. Mimi naanza na sauti safi juu kabisa, halafu naongeza filta mpaka naisikia vizuri, kisha naipunguza kidogo.

Tuje kwenye oktava, na hapa nitakaa kwa muda kwa sababu ndipo jibu la noti kuruka lilipo.

Uzi wako wa E ukiwa wazi unatikisika mara 41 kwa sekunde. Uzi wa A mara 55. Kama una gita la nyuzi tano, B ya chini ni mara 31 hivi. Oktava ya zamani, kama Boss OC-2 iliyotoka mwaka 1982, inafanya kazi ya kuhesabu: kwa kila mitikisiko miwili ya uzi inatoa mmoja. Nusu ya mitikisiko ni oktava moja chini. Ndiyo maana mlio wake ni wa mviringo na mzito kama wa sinthi. Kile unachokisikia si uzi wako, ni wimbi jipya lililotengenezwa kwa kuuhesabu uzi. Mpiga besi Pino Palladino alitumia OC-2 kwenye besi isiyo na freti miaka ya 1980 na mlio ule ukawa alama yake.

Mashine inayohesabu inaweza kuhesabu kitu kimoja tu. Nyuzi mbili zikilia pamoja, hata kama ule wa pili unavuma kwa mbali kwa sababu hukuuzima, inapokea mitikisiko ya aina mbili na kuchanganyikiwa. Hicho ndicho chura wako. Basi jifunze kuzima nyuzi: dole gumba la kulia lilale juu ya uzi wa E unapopiga A, lishuke likae juu ya A unapopiga D, na vidole vya kushoto visivyokuwa na kazi viguse nyuzi nyembamba bila kuzibana. Piga noti moja na uikate kabla ya kuanza nyingine. Wengi wetu tumejifunza besi kwa kuiga nyimbo za Kikongo, ambako noti zinaachwa zikimbizane na kushikana, na ni uzuri wake. Kwenye oktava tabia hiyo inakugharimu.

Jambo la pili ni mahali unapopigia. Ili mashine iijue noti ya uzi, lazima isubiri angalau mtikisiko mmoja ukamilike, na mara nyingi zaidi ya mmoja. Mtikisiko mmoja wa E ya chini unachukua takribani milisekunde 24. Ikisubiri miwili, ni kama 50. Amapiano huenda kwenye mapigo 112 hivi kwa dakika, na robo ya pigo moja ni milisekunde 134. Kwa hiyo ukipiga E wazi pedali inakujibu ikiwa imeshachelewa zaidi ya theluthi ya nafasi ya noti fupi, na wewe unahisi mguu wa mpiga ngoma umekuacha. Sasa piga E ile ile oktava moja juu, freti ya pili kwenye uzi wa D. Inatikisika mara 82, mtikisiko mmoja ni milisekunde 12. Uchelewaji umekatika nusu, na oktava ikishusha noti hiyo inatua kwenye E ya chini ambayo ndiyo uliyoitaka tangu mwanzo.

Na kinyume chake: ukipiga E wazi halafu oktava ikashusha, unaitaka spika itoe mitikisiko 20 kwa sekunde. Sikio la mwanadamu linaanzia karibu na hapo. Spika za kanisa, hata zile za inchi 15, haziwezi. Zinachopata ni joto na koni kucheza bure. Nguvu yote ya amplifaya inaliwa na noti asiyoisikia mtu, na besi "inapotea" kama fundi wako alivyosema. Kwa hiyo weka kanuni hii: oktava ikiwashwa, mkono wa kushoto unapanda. Tumia nyuzi za A na D, kuanzia freti ya pili au ya tatu hadi ya tisa. Fungia nobu ya toni ya gita zaidi ya nusu na utumie pikapu (ile sumaku inayonasa mtikisiko wa nyuzi) iliyo karibu na shingo, kwa sababu hapo noti ya msingi ina nguvu na milio ya juu inayoichanganya mashine ni michache.

Zipo oktava za kisasa zinazoweza kufuata noti nyingi kwa wakati mmoja. Boss OC-5 ya mwaka 2020 ina swichi ya kuchagua njia ya zamani au mpya. Kwa kazi unayoitaka, chagua ya zamani. Sauti yake ni nene na inakaribiana na kinanda zaidi.

Sasa sinthi. Ujue kwamba jina hilo linabeba vitu visivyofanana. Kuna zile zinazouchukua mlio wa uzi wako na kuuvika nguo: zinaongeza oktava ya chini, oktava ya juu, wimbi la mraba, kisha vyote vinapita kwenye filta. Mfano ni Bass Micro Synth ya Electro-Harmonix, yenye vitelezi kumi mbele yake. Ukiiangalia kwa makini utaona ni oktava, distosheni (ile inayokwaruzisha sauti) na filta ndani ya sanduku moja. Ndiyo sababu nasema vijifunze kimoja kimoja kwanza. Kuna nyingine, kama baadhi ya sauti za Boss SYB-5, ambazo uzi wako ni taarifa tu: pedali inaitambua noti na kuamrisha osileta ya ndani, yaani saketi inayozalisha wimbi lake yenyewe, iipige. Hizi ndizo zenye mlio wa kinanda hasa, na ndizo zisizosamehe mkono mchafu. Na kuna za kidijitali za karibuni, kama Boss SY-1 ya mwaka 2019, ambayo ina swichi ya gita au besi na inafuata vizuri kuliko zilizotangulia. Kama ya rafiki yako ina swichi ya namna hiyo, angalia isije ikawa imewekwa kwenye gita. Nimeona mtu akihangaika mwezi mzima kwa swichi hiyo.

Ukumbuke pia kwamba sauti unayoitafuta ilizaliwa kwenye kinanda. Minimoog, kinanda cha sinthi, ilitoka mwaka 1970, na Bernie Worrell, mpiga kinanda wa bendi ya Parliament, alipiga besi kwa kinanda hicho akawafunza wapiga besi wa gita wajibu wa aina mpya. Mpiga kinanda wako hakukuibia kazi. Yuko kwenye mila yake. Wewe unaingia na kitu ambacho yeye hana, yaani kuteleza kwenye uzi, kuzima noti kwa kiganja, na nguvu tofauti kwa kila kidole.

Hapo ndipo amapiano inapoingia. Besi yake, wanayoiita logi dramu, si "uau" ya filta. Sikiliza vizuri: ni kishindo kifupi kama mtu amegonga gogo lililo wazi ndani, kisha noti inateremka au kuteleza, kisha inakatika. Kwenye gita unaipata hivi. Washa oktava, sauti safi robo, oktava robo tatu. Laza ukingo wa kiganja cha kulia juu ya daraja la gita, nyuzi ziwe nusu zimezimwa, na upige kwa dole gumba. Filta kama unayo, iwe imefumba karibu yote, rezonansi ndogo, unyeti kiasi cha kufungua kidogo tu kwenye kishindo. Ingia kwenye noti kwa kuteleza kutoka freti mbili au tatu chini, haraka. Acha nafasi. Logi dramu inaishi kwenye ukimya ulio kati ya noti, na mpiga besi wa kwaya aliyezoea kujaza kila pigo anapata taabu hapa kuliko kwenye pedali. Nilipojaribu mara ya kwanza kwenye harusi, mtu wa kwanza kugeuka alikuwa mpiga kinanda.

Kwenye nyimbo za ibada, tumia filta katika beti za polepole na maingilio. Sebene ikianza, zima kila kitu. Noti zinakuwa za haraka mno kwa filta kufumba na kufumbuka, na watu wanataka kuisikia besi yenyewe.

Mpangilio wa pedali sakafuni: gita, oktava, distosheni kama unayo, filta, kompresa, kisha mixa. Oktava inakaa mbele kwa sababu inahitaji uzi safi wa kuhesabu. Distosheni inakaa kabla ya filta kwa sababu inazalisha milio mingi ya juu na kuipa filta kitu cha kukata, ila inasawazisha nguvu pia, kwa hiyo ikizidi filta inabaki mdomo wazi muda wote. Kompresa ikitangulia filta inafanya kosa hilo hilo: inaziba tofauti kati ya noti laini na nzito, na tofauti hiyo ndiyo chakula cha filta. Ukiwa na mashaka, badilisha pedali mbili nafasi zake na usikilize. Inachukua dakika moja.

Kuhusu umeme nakusihi uwe makini. Pedali nyingi zinataka volti 9, na ncha ya katikati ya plagi iwe hasi. Adapta nyingi za ving'amuzi na ruta tulizonazo majumbani ni volti 12, na katikati ni chanya. Plagi inaingia sawasawa kabisa. Nilichomeka adapta ya king'amuzi kwenye filta yangu nikiwa na haraka kabla ya shughuli moja huku Nyakato, ikanuka moshi mara moja, na ile pedali haikurudi tena. Volti lazima zilingane na mchoro wa ncha lazima ulingane. Miliampia za adapta zinaweza kuzidi zile za pedali bila madhara, zikipungua ndipo pedali inapozimika au kuvuma. Hata volti 9 usizichukulie kuwa ni za kila pedali: Bass Micro Synth mpya inatumia adapta yake ya volti 24. Kwa shughuli za jenereta, pedali inayokubali betri ni msaada mkubwa, kwani mvumo mwingi unaotokana na jenereta unapitia kwenye adapta.

Nirudi kwenye chumba chako. Kinachonguruma chumbani ni kuta. Wimbi moja la E ya chini lina urefu wa zaidi ya mita 8, linagonga ukuta na kurudi, linajikusanya kwenye pembe. Kwenye bustani ya hoteli ufukweni hakuna ukuta, ziwa liko upande mmoja na besi inakwenda zake. Tena, sauti ikiwa ndogo sikio linasikia besi kwa uchache, kwa hiyo usiku nyumbani unaiongeza oktava mpaka inakuridhisha, na siku ya shughuli ikipandishwa inakuwa tope. Usiseti chumbani ukaamini. Nenda mapema, mwombe fundi mitambo dakika kumi kabla ya wageni, mmoja wa bendi akupigie ngoma, na wewe ushuke uende mpaka kwenye viti vya mwisho, gita ukimwachia mwenzako apige noti mbili tatu. Mwombe fundi akate mitikisiko iliyo chini ya 35 au 40 kwenye chaneli yako. Hutapoteza noti unayoihitaji, na spika zitapumua.

Laki tano yako sasa. Kama unaweza kupata pedali ya mchanganyiko iliyotumika, mfano Zoom B1 Four, ambayo ndani yake ina oktava, filta na sinthi na inakubali kuunganishwa tano kwa wakati mmoja, ichukue iwe darasa lako. Inakula betri nne ndogo au umeme wa USB. Filta zake hazina unono wa pedali ya peke yake, lakini baada ya miezi mitatu utajua mwenyewe ni kipi unakitumia na kipi hukigusi, na ndipo utanunua pedali moja nzuri bila kubahatisha. Kama huipendi njia hiyo, weka fedha kwenye oktava moja ya kuaminika na usubiri. Vitu vingi hapa Mwanza vinakuja kwa basi kutoka Dar es Salaam bila wewe kuvijaribu, kwa hiyo mwombe muuzaji akutumie video fupi akiiwasha, akizungusha kila nobu na kukanyaga swichi mara kadhaa. Nobu inayokwaruza inasafishika. Swichi inayoshika mara moja na kukataa mara ya pili, au jeki inayolegea, ni kazi ya fundi, ipunguzie bei.

Nyuzi mpya pia, kama zako zina mwaka. Nyuzi zilizokufa hazina milio ya juu, na filta haina cha kufungulia.

La mwisho ni mpiga kinanda, na hili halihitaji fedha. Wewe ukishusha oktava na yeye akiwa bado na mkono wa kushoto kule chini, noti mbili zilizo karibu zinagombana na hakuna spika itakayowaamua. Kabla ya mazoezi yajayo kaeni wawili, bila bendi nzima. Chagueni wimbo mmoja wa amapiano mnaoombwa sana. Mwambie apandishe mkono wa kushoto juu ya do ya katikati kwa wimbo huo mmoja, apige akodi tu, na wewe uchukue chini yote. Rekodini kwa simu mara mbili, moja besi yake, moja yako, simu ikiwa imewekwa mbali upande wa pili wa ukumbi. Msikilize pamoja, na mpiga ngoma naye awepo. Kama ya kwake ni bora, mwache aendelee, nawe uende nyumbani ukazime nyuzi kwa wiki mbili nyingine kisha mrudie. Ukinitumia hizo rekodi mbili, nitakuambia ninachokisikia.